Maoni Yetu: Tangazo la kompyuta litaje namba kamili ya prosesa

Ingia kwenye kurasa za maduka ya kompyuta ya Kariakoo huko Instagram na utakutana na tangazo lile lile: Core i5, RAM 8, SSD 256, mzigo mpya umeingia, bei piga simu. Kompyuta imepanguswa vizuri, imepigwa picha juu ya meza safi, na stika ya Intel pembeni mwa kibodi haijachubuka. Jambo moja halikutajwa, nalo ndilo linaloamua kama mnunuzi atafanya kazi zake kwa miaka kadhaa au atakuwa mteja wa kudumu wa fundi. Ni Core i5 ipi?

Jina hilo liliingia sokoni Septemba 2009, na tangu hapo Intel imetoa vizazi zaidi ya kumi vya prosesa zinazoitwa hivyo. Chukua mbili zilizo za kawaida kwenye kompyuta za mtumba. Prosesa ya i5-6300U, ya mwaka 2015, ina viini viwili vya kufanyia kazi na mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.4. Ile ya i5-8250U, ya mwaka 2017, ina viini vinne na mwendo wa msingi wa gigahezi 1.6. Anayenunua kwa kutazama namba kubwa atabeba ya kwanza. Ya pili inaizidi mbali pale kazi nyingi zinapofunguliwa kwa pamoja, na kati ya hizo mbili ndiyo pekee inayokubaliwa rasmi na Windows 11.

Tunachokitaka kinaelezeka kwa sentensi moja. Yeyote anayetangaza kompyuta mtandaoni, iwe kampuni kubwa ya California au kijana mwenye fremu Mtaa wa Aggrey, alazimike kuandika namba kamili ya prosesa na mwaka ilipotoka.

Kijana wa Aggrey tutamrudia. Kwanza tuseme ukweli kwamba tabia hii hakuianzisha yeye. Aliipokea kutoka juu, kwa watengenezaji wenyewe wa prosesa, ambao kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakimfundisha mnunuzi kununua neno moja au namba moja na kuacha mengine yote.

Kabla ya mwaka 1991, mtu aliyenunua kompyuta aliuliza kama ni IBM au Compaq. Hakuwa na habari na aliyetengeneza chipu ya ndani. Mwaka huo Intel, kampuni ya Santa Clara, ilianzisha kampeni ya Intel Inside na kumwendea mnunuzi moja kwa moja, ikiwapita vichwani wale wanaounda kompyuta. Ujanja ulikuwa kwenye fedha. Muundaji aliponunua prosesa, sehemu ya malipo iliwekwa kwenye mfuko, naye alirudishiwa kama mchango wa gharama za matangazo yake, mradi tangazo liwe na nembo ya Intel. Kwa hiyo kila kampuni iliyojitangaza ilikuwa pia inaitangaza Intel. Mwishoni mwa miaka ya 1990, intaneti ilipoanza kuwa mahali pa biashara, mfuko huo ukaanza kulipia matangazo ya huko pia. Baadhi ya tovuti za habari za teknolojia za Marekani zilipata fedha za namna hiyo, nazo ndizo tulizozitegemea zituambie prosesa ipi ni nzuri.

Kuna sadfa ya tarehe ambayo hatuwezi kuipita. Tarehe 27 Oktoba 1994 gazeti la mtandaoni la HotWired liliweka mabango ya matangazo yanayokumbukwa kuwa ya mwanzo kwenye intaneti, moja likiwa la kampuni ya simu ya AT&T. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Oktoba, Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, aliwaandikia wenzake barua pepe kwamba prosesa mpya ya Pentium inakosea kugawanya baadhi ya namba. Barua ile ilisambaa mtandaoni. Intel ikajibu kwamba kosa ni dogo na mtumiaji wa kawaida hataliona. Watu hawakukubali, na kufikia tarehe 20 Desemba kampuni ilisalimu amri na kutangaza kwamba yeyote atakayetaka kubadilishiwa atabadilishiwa. Hasara iliyowekwa vitabuni ilikuwa dola milioni 475. Njia ile ile iliyokuwa inaanza kubeba matangazo ilibeba pia malalamiko, na katika mwaka ule malalamiko yalikwenda kasi zaidi.

Watengenezaji walijifunza, lakini hatudhani walijifunza tulichotaka wajifunze. Februari 1999 ilipotoka Pentium III, Intel ilitenga takriban dola milioni 300 kuitangaza, na hoja kubwa ilikuwa intaneti: prosesa hii itakupa mtandao ulio hai zaidi, wenye picha na sauti. Ilikuwa na maagizo mapya ya kushughulikia picha na sauti, hilo ni kweli. Ila mtu wa kawaida wa mwaka 1999 aliingia mtandaoni kwa modemu ya laini ya simu isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde. Ukurasa ulipochelewa, ulikuwa unasubiri waya. Katika mikahawa ya intaneti ya Dar es Salaam ya miaka ile, ambako kompyuta nyingi ziligawana laini moja, ungeweza kuweka Pentium III kila meza na mteja angeendelea kulipia nusu saa akitazama picha ikishuka mstari kwa mstari.

Prosesa hiyo ilikuja pia na namba yake ya utambulisho iliyoweza kusomwa na programu, na Intel iliinadi kama msaada wa biashara salama ya mtandaoni. Watetezi wa faragha nchini Marekani waliona kitu kingine: alama ya kumfuatilia mtu kila anakokwenda. Waliitisha mgomo wa wanunuzi. Kampuni ikakubali kwanza kuizima, kisha ikaiondoa kwenye prosesa zilizofuata. Leo matangazo yanakufuata toka simu hadi kompyuta bila kuhitaji namba yoyote ya prosesa, na hakuna anayegoma.

Tuje kwenye namba yenyewe. Gigahezi ni hesabu ya mapigo: prosesa ya gigahezi moja inapiga mara bilioni moja kwa sekunde. Haisemi ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo. Kuli mmoja anakimbia na kibaba cha mchele, mwingine anatembea na gunia. Ukihesabu hatua tu, utamlipa zaidi yule wa kibaba. Na matangazo yalihesabu hatua tu. Tarehe 6 Machi 2000 kampuni ya AMD ilitangaza Athlon ya gigahezi moja. Tarehe 8, Intel ikajibu kwa Pentium III ya gigahezi moja. Ilikuwa mbio ya siku mbili, na kufikia Agosti Intel ilikuwa inairudisha kutoka sokoni ile ya gigahezi 1.13 kwa sababu haikuwa imara.

Hapo ndipo tangazo lilipoacha kuifuata bidhaa, na bidhaa ikaanza kulifuata tangazo. Pentium 4, iliyotoka tarehe 20 Novemba 2000, iliundwa ili namba ya gigahezi ipande. Kazi ilikatwakatwa katika vituo ishirini vidogo ndani ya chipu, ili kila kituo kiwe chepesi na mapigo yawe mengi. Matokeo yake, Pentium 4 ya gigahezi 1.5 ilishindwa kuipita Pentium III ya gigahezi moja katika baadhi ya kazi za kawaida kabisa. Mnunuzi alilipa zaidi kwa namba kubwa zaidi. Toleo la mwaka 2004 lililoitwa Prescott lilifikisha vituo 31, na joto lake lilikuwa kichekesho cha mafundi. Oktoba mwaka huo Intel ilifuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi nne, na mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani kwenye mkutano mmoja huko Orlando kuomba msamaha. Alifanya kwa mzaha. Walionunua zile za awali hawakuwepo ukumbini.

AMD hawakuwa watakatifu. Walipoona hawawezi kushinda kwa gigahezi, Oktoba 2001 walibuni namba zao. Athlon XP 1800+ haikuwa na megahezi 1800. Ilikuwa na 1533. Walieleza kwamba namba hiyo inalinganisha na Athlon ya zamani, huku kila mtu akijua inamwangalia nani. Tukiri kwamba walikuwa na hoja, maana prosesa yao ilifanya kazi zaidi kwa kila pigo. Lakini walitibu upotoshaji wa namba kwa kuongeza namba nyingine, nayo yenye sura ya megahezi. Miaka mitatu baadaye Intel nayo ikaacha kuuza kwa gigahezi na kuanza namba zake za modeli. Sababu yake haikuwa ya heshima sana: ilikuwa na Pentium M, prosesa ya kompyuta mpakato iliyotoka Machi 2003, yenye gigahezi chache na uwezo mkubwa, na matangazo yake yenyewe ya miaka mingi yalikuwa yamewafundisha wateja kuidharau prosesa ya namna hiyo.

Apple, ambayo mwaka 2001 ilisimama jukwaani kueleza kwamba megahezi ni hadithi, nayo ilikamatwa. Mwaka 2003 chombo kilichosimamia matangazo ya televisheni nchini Uingereza kilizuia tangazo lake lililoiita Power Mac G5 kompyuta binafsi yenye kasi kuliko zote duniani. Watazamaji wanane tu walilalamika. Tunaikumbusha Tume ya Ushindani ya Tanzania hesabu hiyo: wanane walitosha.

Mahakamani mambo huenda taratibu mno. Wanunuzi wa Pentium 4 za mwanzo waliishtaki Intel wakidai vipimo vya kasi vilivyotumika kuinadi vilipangwa ili iibuke kidedea. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2014, Intel ikikana kosa. Kila mnunuzi aliyestahili aliahidiwa dola 15, kwa kompyuta ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeshakuwa chuma chakavu. AMD ilipotangaza prosesa za FX mwaka 2011 kuwa za viini vinane, wanunuzi walidai kwamba viini hivyo vimeunganishwa viwili viwili na kila jozi inagawana sehemu muhimu za kufanyia hesabu. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 12.1, nayo bila kukiri kosa. Waliohusika ni walionunua wakiishi jimbo la California au baada ya kutembelea tovuti ya AMD yenyewe. Mtu aliyenunua prosesa hiyo hiyo Nairobi au Mwanza, kwa maneno yale yale ya tangazo, hakuwa na pa kupeleka dai.

Hilo ndilo linalotuhusu moja kwa moja. Tangazo la mtandaoni halina mpaka, lakini fidia inao.

Mtandao umeongeza mambo mawili ambayo gazeti la karatasi halikuwa nayo. Kwanza, maelezo madogo yamehama. Zamani yalikuwa chini ya ukurasa kwa herufi za mchwa. Ungeweza kuyasoma kwa miwani. Leo tangazo la Intel linasema matokeo yanategemea matumizi na mpangilio wa kompyuta, kisha linakuelekeza kwenye ukurasa mwingine wenye orodha ndefu ya vipimo. Nani mwenye bando la kuchezea anafungua ukurasa wa pili ili kusoma jinsi ukurasa wa kwanza ulivyopimwa? Pili, tangazo hufutika. Desemba 2023 Intel iliweka mtandaoni waraka wa kuishambulia AMD, ikiifananisha na muuza magari ya mtumba kwa kuuza teknolojia ya mwaka 2019 chini ya namba mpya. Baada ya siku chache waraka ukaondolewa. Kwa bahati mbaya kwa walioufuta, hoja yake ya msingi ilikuwa sahihi: Ryzen 5 7520U ina jina la kizazi cha 7000, na moyo wake ni muundo wa Zen 2 wa 2019. Kwa bahati mbaya zaidi kwa waliouandika, miezi miwili kabla Intel ilikuwa imetoa prosesa za kizazi cha 14 ambazo hazikutofautiana sana na za kizazi cha 13.

Na vipimo? Juni 2018 Intel ilionyesha huko Taipei prosesa ya viini 28 ikikimbia gigahezi tano, na watazamaji wakapiga makofi. Baadaye ikajulikana kwamba chini ya meza kulikuwa na mtambo wa kupoza maji wa aina inayotumika viwandani. Miezi minne baadaye kampuni iliyolipwa na Intel ilipima Core i9-9900K dhidi ya Ryzen 7 2700X, na prosesa ya mshindani ikawekwa katika hali inayozima nusu ya viini vyake. Waligunduliwa, wakarudia kipimo, na tofauti ikapungua. Wakati huo matokeo ya kwanza yalikuwa yameshazunguka dunia, tena siku ambazo watu walikuwa wanaagiza prosesa hiyo kabla haijaingia madukani.

Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, na huko ndiko wengi wetu tulipo. Mwaka 2013 Samsung ilikutwa ikiipandisha kasi Galaxy S4 pale simu inapotambua programu fulani za kupimia. Kesi ya wanunuzi iliisha 2019 kwa dola 10 kwa mteja. Mwaka 2020 tovuti ya AnandTech ilikuta kwenye baadhi ya simu zenye chipu za MediaTek orodha ya majina ya programu za kupimia, ili simu ijue inatahiniwa lini na ikimbie. MediaTek ilijibu kwamba huo ni utaratibu wa kawaida wa sekta. Tunadhani jibu hilo lilipaswa kuwatisha watu kuliko kosa lenyewe.

Halafu kuna viini vinane. Boksi la simu ya bei ya chini huandikwa viini vinane kwa maandishi makubwa, na kwenye baadhi ya simu hizo vyote vinane ni vya aina ndogo kama Cortex-A53, iliyotangazwa mwaka 2012 na kuundwa kwa ajili ya kubana chaji. iPhone ina viini sita tangu 2017 na inaziacha mbali. Bei ni tofauti kabisa, tunajua, na hatumwambii mtu anunue iPhone. Tunasema tu kwamba aliyeandika nane kwa herufi kubwa alijua mnunuzi ataisoma kama kasi.

Namba ya sasa ni TOPS, trilioni za hesabu kwa sekunde. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kompyuta za Copilot+ na kuweka kiwango cha chini cha 40. Qualcomm ikaja na 45, na Intel na AMD wakafuata mbio zile zile. Sasa hakuna kompyuta mpya inayotangazwa bila neno la akili mnemba. Zipo kazi zinazofanywa na kompyuta yenyewe kwa uwezo huo, kama kusafisha picha ya kamera au kuandika maneno yanayosemwa kwenye video. Lakini mwanafunzi anayeuliza swali kwenye ChatGPT anajibiwa na mitambo iliyoko kwenye kituo cha data ng'ambo. Jibu likichelewa, tatizo ni mtandao au foleni ya huko. TOPS 45 haziharakishi hata herufi moja. Ni Pentium III na modemu kwa mara ya pili, miaka 25 baadaye.

Wala mbio za gigahezi hazijafa. Januari 2023 Intel ilitoa prosesa ya gigahezi sita, Machi 2024 ikaifikisha 6.2. Mwaka huo huo ililazimika kukiri kwamba prosesa za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zinaomba umeme kuzidi kiasi na baadhi zinaharibika. Iliongeza dhamana kwa miaka miwili na kutoa marekebisho ya programu.

Sasa kijana wa Aggrey. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Windows 11, kwa prosesa za Intel, inaanza rasmi na kizazi cha nane, ukiacha chache za nyuma zilizosamehewa. Ofisi za Ulaya na Marekani zimekuwa zikiondoa kompyuta ambazo hazifikii kiwango hicho, na njia ya kompyuta zinazoondolewa huko tunaijua: kontena, bandari, duka. HP EliteBook 840 G3 ni mashine imara, kibodi yake nzuri, na ukiitumia Linux itakutumikia vizuri. Lakini mzazi anayemnunulia binti yake anayeingia chuo ana haki ya kujua kabla ya kulipa kwamba hiyo ni ya kizazi cha sita. Core i5 haimwambii hivyo. Muuzaji naye anajua, ndiyo maana ya kizazi cha nane haiuzi kwa bei ya cha sita. Tofauti ipo kwenye bei yake na haipo kwenye tangazo lake.

Wauzaji watasema wateja hawazielewi namba hizo. Si kweli kwa kiasi wanachodhani. Wateja wa magari ya mtumba kutoka Japani wanajua mwaka, ujazo wa injini na kilometa, na hakuna muuzaji anayethubutu kuandika tu Toyota na namba ya simu. Namba ya Core i5 inasomeka kirahisi: kuanzia kizazi cha pili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na kuanzia kizazi cha kumi ni tarakimu mbili za kwanza. Kwa Ryzen za namba ya 7000 za kompyuta mpakato, angalia tarakimu ya tatu. Ikiwa 2, ni Zen 2. Na ukiwa dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, na jina kamili litajitokeza bila kumuuliza mtu. Muuzaji akikuzuia kufanya hivyo, ondoka.

Sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi hiyo. Imezoeleka zaidi kwa operesheni za bidhaa bandia, ambazo ni kazi nzuri, lakini kompyuta halisi inayonadiwa kwa nusu ya jina lake haimo kwenye operesheni hizo. Hatuombi sheria mpya wala hatutaki askari waingie Kariakoo. Mwongozo wa ukurasa mmoja unatosha: tangazo la kompyuta au simu, popote lilipo, litaje namba kamili ya prosesa na mwaka wake, na anayedai kasi kuliko bidhaa nyingine aitaje bidhaa hiyo na kazi iliyopimwa, hapo hapo kwenye tangazo. Kampuni za nje zenye mawakala hapa zibanwe kupitia mawakala wao, kwa sababu wakala ndiye anayelipia tangazo linalotokea kwenye simu ya Mtanzania.

Serikali yenyewe inaweza kuanza kesho asubuhi bila kusubiri Tume. Zabuni ya shule au halmashauri ikiandika Core i5 au zaidi, mzabuni anaweza kuleta kizazi cha sita kilichosafishwa na akawa ametimiza mkataba neno kwa neno. Afisa ununuzi aandike kizazi, aandike idadi ya viini, na siku ya kupokea mzigo awashe kompyuta tatu nne kutoka katikati ya rundo, aandike dxdiag, kisha ndipo asaini.